Mashini Iliyosema Imevaa Kaske

Nyinyi vijana munaokuja kwangu kuuliza habari za ordinatere, hizi kompyuta, mukae. Nianze na kitu ambacho mafundi wengine hawatawaambia: mimi ni mutu wa woga. Miaka yote niliyotengeneza radio, kisha televizio, kisha ordinatere hapa Kasongo, sikufungua mashini hata moja bila kunong'ona sala kwanza. Bibi yangu wa ndoa alikuwa ananicheka. "Amuri," anasema, "wewe unaogopa radio kuliko radi." Ni kweli. Radi inapiga, inapita. Lakini radio ya mutu ikikufia mukononi, mwenyewe atakuja kesho, atakuja kesho kutwa, atakaa mbele ya meza yako anakutazama tu, hasemi kitu. Bora akutukane.

Sasa atelie, nyumba yangu ya ufundi, nimeifunga. Macho yamechoka na vidole vinatetemeka. Kazi imekwisha, woga umebaki. Hata leo nikisikia pikipiki inasimama nje ya nyumba, moyo unaruka: nani tena, na imeharibika nini?

Siku ya Mwavita pikipiki ilisimama sijamaliza hata chai.

Mwavita ni mutoto wa Wamaza. Mama yake analima mupunga kule. Surua ilimaliza macho yake akingali mudogo, akasoma hivyo hivyo, wenzake wakimusomea kwa sauti, mpaka akaingia chuo hapa Kasongo kujifunza jestion, yaani kuendesha biashara. Ordinatere yake ni ya zamani, walipewa na watu wema, na ni mimi niliyeitayarisha. Niliiwekea Linux, programu ya kuiendesha badala ya Windows. Musinitolee macho. Watu wanasema Linux ni ya mainjinia, uongo mutupu. Niliiweka kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu inakuja na kisomaji chake: sauti inayosoma kila kilichoandikwa kwenye ekra. Ukibonyeza herufi, inakutajia. Ukifungua barua, inakusomea. Inasoma Kifaransa, inasoma hata Kiswahili, ingawa Kiswahili chake ni cha mugeni aliyefika jana.

Sasa sikieni. Wewe mwenye macho, ordinatere ikikosa son, yaani sauti, umekosa muziki tu. Unaendelea kuandika. Kwa Mwavita, ikikosa son, ekra yake, kitabu chake na kalamu yake vimekufa kwa mara moja. Na siku ile ndiyo ilikuwa siku ya sutenansi yake: kusimama mbele ya juri na kutetea kitabu chake cha kumaliza masomo, kuhusu biashara ya mupunga kutoka Wamaza mpaka Kasongo. Saa nane za muchana. Wenzake wangeshika karatasi mukononi, wakisahau wanaangalia. Yeye karatasi yake ilikuwa ile mashini, na ekute, zile za kusikilizia, sikioni. Chuo kilikubali. Kwa shida, lakini kilikubali.

"Papa Amuri," mama yake aliniambia kabla hata ya salamu, "ordinatere ya mutoto haisemi."

Walikuwa wametoka Wamaza siku iliyotangulia, wakashukia kwa ndugu yao hapa mujini. Jioni Mwavita akaifungua arudie maneno yake, akakuta kimya. Mama macho mekundu, hakulala. Mutoto ameikumbatia mashini kifuani kama mutu anayeogopa kunyang'anywa.

"Na kama leo haiwezekani?" niliuliza. Ni tabia yangu mbaya, nauliza kwanza kifo kitakuwa cha namna gani.

"Ni mwaka ujao," Mwavita alisema. "Lakini mwaka ujao hakuna, Papa. Wale waliosema kipofu hafai kuingia chuo, watasema: munaona? Na iko mutoto mwingine kipofu, wa Kabambare, anangojea kuandikwa chuoni. Mimi nikianguka leo, yeye hawatamuandika."

Mumesikia? Si mutu mumoja, ni wawili. Chai niliiacha pale pale.

Muzee Bilali, aliyenifundisha kazi kule Kabambare, alikuwa na sheria moja. "Kabla ya kushika bisibisi, ongea na mwenye mashini. Mashini inaongopa na mutu anaongopa, lakini uongo wao haufanani. Ukweli uko katikati." Siku moja mama mumoja alimuletea radio inayokohoa. Mimi tayari nimeshaigeuza mugongo, natafuta visu zake, yaani skurubu. Bilali akanipiga mukono. "Mama, hii radio inalala wapi?" Dirishani. "Na ukipika?" Mama akasema anaenda nayo jikoni, anaitundika juu ya moto asikie habari. Bilali akatoa batri, akapangusa masizi kwenye zile ncha na pindo la shati lake, radio ikaimba. Hakufungua hata visu moja.

Basi mimi, mwanafunzi wake, siku ile nilifanya nini? Mwavita alifungua mudomo: "Papa, na tena ekute hazitaki kuingia..." Nikamukata. "Ekute baadaye, mama. Kwanza son."

Sentensi hiyo ilinitesa mpaka adhuhuri.

Son ikikosa kwenye Linux, nyinyi vijana munakimbilia mara moja kufuta kila kitu na kuweka upya. Musifanye hivyo, hasa kama mutu iko na kazi yake ndani. Uende kama unayefuata bomba la maji, toka kisimani mpaka kikombeni. Kwanza, je, mashini inajua kwamba iko na kadi ya son? Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika aplay -l, inakutajia kadi inazozijua. Ikisema hakuna, shida iko ndani sana. Ya Mwavita ikanitajia mbili: kadi yake yenyewe, na ile ya kamba ya televizio. Hapo mutu anaweza kupotea siku nzima, kwa sababu mara nyingine Linux inapeleka sauti yote kwenye ile kamba, televizio yenyewe hakuna, na wewe unalia. Nikaangalia. Haikuwa hiyo.

Kisha unatenganisha. Isije ikawa son ni nzima na kisomaji ndicho kimelala. Unaandika speaker-test, mashini inapiga kelele zake yenyewe, shhh, shhh, bila kupitia kwa kisomaji. Nikaandika. Nikainamisha sikio mpaka likagusa chuma. Hakuna kitu. Mama Mwavita naye akainamisha lake upande wa pili, tukabaki tunatazamana juu ya ile mashini.

"Imekufa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Haijakufa."

Nilisema hivyo lakini sikujua. Zamani, jamani, shida ilikuwa na harufu. Radio ikiungua unainusa tangu mulangoni, unajua ni transfo. Chuma cha kuunganishia tulikipasha kwenye makaa, unashika, unaona, unaungua kidole, umemaliza. Shida za siku hizi hazina harufu. Unakaa unatazama maneno, jasho linatoka, na ukimueleza mutu kwamba unafanya kazi anafikiri unasoma.

Na kuranti? Kuranti, huo umeme, ilikuwa ya paneli ya jua, na wingu limefunika tangu alfajiri. Batri ya ile mashini ilikuwa imechoka kama mimi. Nikawa naangalia alama yake pembeni kila nikipepesa jicho. Mwavita akasikia ninavyohema.

"Papa, mupumzike kidogo."

"Nimepumzika," nikamujibu, na bisibisi ikaniponyoka ikaanguka chini.

Nikafungua alsamixer. Hiyo muijue vizuri. Inakuonyesha nguzo, moja ya sauti yote, moja ya bafle, zile spika za mashini, moja ya ekute, moja ya mikro. Chini ya kila nguzo kuna 00 au MM. Sasa musicheke: 00 ndiyo mudomo wazi, MM ndiyo bubu. Herufi M ukiibonyeza, inafunga na kufungua. Najua, iko kinyume na akili ya mutu.

Hilo lilinipeleka Salamabila mara mbili kwa pikipiki, na mugongo wangu haujasahau. Kulikuwa na mufanyabiashara kule, mutu wa mwili na sauti, alikuwa anaonyesha filme kwa wachimbaji jioni. Ordinatere yake ni Linux, mimi niliiweka. Akapiga telefone: haisemi. Nikaenda, nikakuta MM kila mahali, nikaweka 00, filme ikanguruma, wachimbaji wakapiga makofi. Sijafika nyumbani telefone inalia tena. "Papa Amuri! Umeniachia zero! Zero zero kila mahali! Nimepandisha mwenyewe mpaka maximum-maximum, na bado haisemi!" Musomi wangu alikuwa amesoma MM kama maximum-maximum. Nikamueleza kwenye telefone mpaka mate yakakauka. Akasema ndiyo, ndiyo, amesikia. Kesho yake ilibidi nirudi. Alikuwa hawezi kuvumilia kuona zero kwenye mali yake.

Bon. Kwenye mashini ya Mwavita, nguzo ya ekute ilikuwa 00. Nguzo ya bafle, MM. Moyo wangu ukatulia: kumbe ni jambo dogo hivi! Nikabonyeza M, ikawa 00, nikajaribu. Kimya. Nikarudi kutazama, imeshakuwa MM tena. Nafungua mudomo wake, inaufunga. Nafungua, inaufunga. Mashini iliyoharibika naielewa, lakini mashini inayobishana na mimi inanitisha.

Nje watu walishaanza kutoka sokoni na mizigo yao. Mama Mwavita alikuwa ametoa rozari.

Nikaenda kwenye ukurasa wa mipango ya son, ule wa kubonyeza bonyeza. Yote iko katika Kifaransa. Pale panapoonyesha sauti inatokea wapi, paliandikwa casque. Kwa Kifaransa neno hilo ni ekute kubwa za kuvaa kichwani. Lakini sisi wa huku, mutu akikutajia kaske, unaona kitu kimoja tu, kofia ngumu ya pikipiki. Na mimi nikiwa na woga nasoma kwa sauti, sijui kwa nini, nafikiri ni kujipa watu wa kukaa nao. Nikasema: "Inasema kaske... Inasema iko na kaske. Kaske gani tena?"

Rozari ikasimama.

"Yesu Maria," mama akasema. "Imejuaje?"

"Imejua nini?"

"Papa Amuri, nakuambia ukweli. Tulikuja bila kaske. Mimi sikuvaa, mutoto hakuvaa. Dereva peke yake ndiye alikuwa nayo, na hata hiyo yake ilikuwa imepasuka. Lakini hatukuanguka! Naapa hatukuanguka popote! Sasa inatulaumu sisi?"

Mwavita akaanza kucheka. Katikati ya hofu yote ile akacheka mpaka akashika meza. "Mama, si kaske hiyo!"

"Wewe nyamaza, ni yenyewe imesema!" Mama alikuwa amesimama sasa, analia na kukasirika pamoja. "Na yenyewe niliivalisha kuliko sisi! Niliifunga kwa vitenge viwili. Vumbi la njia ile munalijua? Tulifika hatuna nyusi. Mimi nikasema sisi tutaoga, hii haiogi. Nikaziba matundu yake yote, moja moja, hata kale kadogo."

Mikono yangu ikaacha kuandika.

"Mama Mwavita. Uliyaziba na nini?"

"Yale mapana, vitambaa. Kale ka duara kitambaa kilikuwa kinatoka, nikachonga kijiti cha tete, kikakaa vizuri kabisa."

"Na ulipofika ulikitoa?"

"Nilikitoa."

"Chote?"

Akatazama kidole chake, akapima kwa kucha.

"Kilitoka kifupi," akasema.

Nikachukua torshi. Ndani ya lile tundu la ekute, mbali, kulikuwa na duara dogo la njano, laini, limekaa raha mustarehe. Tete ya Wamaza.

Niwaeleze, maana hili mutakutana nalo. Ndani ya tundu la ekute kuna ulimi mudogo wa chuma wenye springi. Ukichomeka ekute, ulimi unasukumwa, na mashini inajua: mutu amevaa ekute, nifunge bafle za nje nisisumbue watu. Kijiti kilikuwa kimesukuma ule ulimi. Mashini haikuharibika, ilikuwa na adabu tu. Ndiyo maana mimi nafungua bafle, yenyewe inafunga.

"Ndicho nilitaka kuwaambia, Papa," Mwavita alisema polepole. "Ekute hazikuingia mpaka mwisho."

Ninyi mungejibu nini? Mimi niliitika tu, "Ee, mama."

Mama yake alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, kitenge mudomoni. "Nimemuua mutoto wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hapana, Mama Mwavita. Njia ile mimi mwenyewe ningeziba."

Na nilisema kweli. Mutu aliyepita ile njia kiangazi atajua. Lakini maneno hayakumusaidia, akabaki pale pale chini.

Kukitoa sasa. Nikajaribu sindano: tete ilichanika, ikatoa unyuzi mumoja, ikabaki. Nikapasha sindano moto, nikachoma, nikavuta: unyuzi mwingine. Kisha shetani akaniambia, chukua ile gundi inayoshika papo hapo, weka tone kwenye ncha ya waya, gusisha kijiti, ngoja, vuta. Vijana, njia hiyo inafanya kazi. Nimeifanya. Lakini inataka mukono usiotetemeka, na tone likidondoka pembeni, umefunga tundu lile mpaka kiama, pengine na ule ulimi umeugandisha. Nilishika ile gundi. Nilifungua kifuniko. Nikaona waya unacheza hewani kwenye vidole vyangu, nikafunga kifuniko, nikairudisha juu ya kabati mbali na mimi.

Sikuwa na lazima ya kukitoa kijiti. Nilikuwa na lazima ya kuiambia mashini isikijali. Kwenye alsamixer, uende kulia, kulia kabisa, mahali ambapo hakuna mutu anafika, utakuta sanduku limeandikwa Auto-Mute. Maana yake: nyamaza mwenyewe ukiona ekute. Lilikuwa limewashwa. Nikalizima. Nikarudi kwenye nguzo ya bafle, nikabonyeza M.

00. Nikangoja. Ikabaki 00.

Na kisomaji kikaamka, kwa ile sauti yake ya puani, kikaanza kusoma kila kitu nilichokuwa nimeandika tangu asubuhi, na makosa yangu ndani yake. Mwavita akafunika uso kwa mikono. Mama akaruka kutoka chini kama si yeye, akapiga kigelegele kimoja, majirani wakauliza kumezaliwa nini.

Mimi sikupiga kigelegele. Mutu wa woga akitoka shimo moja anaona lingine. Sauti ilikuwa inatoka nje, kwenye bafle, si sikioni. Ekute haziwezi kuingia, tete iko ndani. Zile zisizo na waya? Kipande cha ndani cha kuzishika kilikufa zamani kwenye ile mashini. Kwa hiyo Mwavita atasimama mbele ya juri, na mashini itamusomea maneno yake kwa sauti mbele ya watu wote. Juri watasema nini? Watasema: nani anatetea hiki kitabu, wewe au ordinatere? Na ukumbi utacheka, na wale waliokuwa wanangoja aanguke watakuwa wamepata neno lao.

Nikamwambia. Sikuweza kumuficha.

Mwavita alikaa akafikiri, vidole vyake vinatembea juu ya herufi. "Batri imebaki?"

"Nusu. Chini ya nusu."

"Inatosha. Twende, Papa. Nitajua la kufanya."

Nitajua la kufanya! Mutoto akikuambia hivyo, unamuamini? Nilitembea nyuma yao mpaka chuoni nikiwa nimebeba sindano, torshi, bisibisi na ile gundi mufukoni, kama mutu anayekwenda kuzika na kupasua kwa siku moja. Salamu za watu nikawa najibu kwa kichwa.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuja kuona kipofu anatetea. Juri walikuwa watatu, prezida wao katikati, mwanaume wa miwani, hakuonekana mubaya, alionekana amechoka tu. Mama Mwavita alikaa kando yangu karibu na mulango, akanishika mukono wa shati. Mwavita alisalimia, akajitaja, akataja kichwa cha kitabu chake, yote kwa kichwa chake mwenyewe, vizuri. Kisha akaweka vidole juu ya herufi, akabonyeza.

Ikatoka sauti kama muchele unaomwagwa juu ya bati. Trrrrrrr. Hakuna neno. Hakuna hata nusu ya neno. Trrrrr, ikasimama.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi nilijua pale pale: nimechoma bafle. Nimezima kile kisichozimwa, nimefungua kupita kiasi, kitu kimepasuka ndani. Mama alinifinya mukono mpaka kucha zikaingia.

Prezida akainua kiganja, watu wakanyamaza. "Mademoiselle, pole. Nafikiri mashini yako inaumwa. Fundi wake iko hapa?"

Nikasimama. Nikaanza kutembea kati ya viti, mukono mufukoni, nashika bisibisi bila kujua nitaifanyia nini. Mwavita alizisikia hatua zangu, akageuza uso.

"Papa Amuri, mukae. Haiumwi. Ni mimi nimeipa mbio."

"Mbio gani?" prezida akauliza.

"Mbio yangu, Bwana Prezida. Mimi nasikia hivi. Nikiiacha iseme taratibu, itawasomea nyinyi, na mutasema ndiyo inayotetea. Kwa mbio hii ni mimi peke yangu ninayesikia. Ni kama ekute."

Prezida alimutazama, akatazama wenzake. Akachukua nakala ya kitabu iliyokuwa mbele yake, akaifungua katikati. Akamtajia sura na kichwa chake kidogo. "Uende hapo. Kisha utuambie imesema nini."

Vidole vikacheza. Trrrrr. Mwavita hakungoja hata.

"Imesema kwamba mupunga unaoondoka Wamaza wakati wa mvua unafika Kasongo umelowa, na mununuzi anaupima kwa kuingiza mukono guniani, si kwa mizani. Lakini hapo naomba kuongeza, Bwana Prezida, kwa sababu nilipoandika vile sikuwa nimeuliza akina mama wenyewe. Baadaye niliwauliza. Wanajua kabisa wanaibiwa. Wanauza kwa sababu hawana mahali pa kuanika wakifika."

Kidole cha prezida kilikuwa kinafuata mustari kwenye karatasi. Kilifika mwisho, kikasimama. Akavua miwani.

"Endelea," akasema.

Najua mutauliza kama alipita. Alipita, na vizuri, na yule wa Kabambare aliandikwa. Lakini mimi bado nilikuwa nimesimama katikati ya viti, watu wananitazama, na Mwavita kabla ya kuendelea aliinama upande wangu, akasema kwa sauti ya chini, na nafikiri watu wa mbele walisikia:

"Munisamehe, Papa. Kila mara mukimaliza kuitengeneza, munaiacha inasema polepole, kama mutu anaongea na mugonjwa. Nikifika nyumbani naipandisha, nikiwaletea naiteremsha tena. Nilikuwa naogopa kuwaambia."

Yeye alikuwa ananiogopa mimi! Miaka yote ile.

Nikarudi nikakaa. Trrrrr, ikaendelea, na Mwavita akaongea, trrrrr, akaongea, na hakuna aliyecheka tena. Mama yake akanivuta shati, macho hayatoki kwa mutoto.

"Papa Amuri, inasema nini?"

"Sijui, Mama Mwavita," nikamwambia. "Yeye anasikia."